Nani Ajuaye Kilichobadilika

Vijana wa Mbeya na Iringa watungao programu kwa JavaScript aghalabu huikabidhi kazi yao kwa mlinzi aitwaye nodemon, aliyebuniwa na Remy Sharp. Na kila wahifadhipo faili moja katika mamia, mlinzi huyo huuzima mchakato uliokuwa ukienda na kuuwasha mwingine mahali pake, akiandika kwenye kioo kwamba kuna mabadiliko, pasina kusema ni faili ipi.

Mchakato mpya hauwezi kujua. Umezaliwa na nambari nyingine na kumbukumbu tupu, na huzisoma faili zote kana kwamba hazijapata kusomwa. Kwake yeye hakuna kilichobadilika, maana badiliko lahitaji jana, naye hana jana. Ajuaye ni mlinzi, kwa kuwa yeye hakufa. Hata hivyo, ilimu yake nayo ina mpaka: aonacho ni habari kwamba faili imeguswa, wala si maana ya kuguswa kwake, hata mtu akihifadhi faili pasipo kuongeza herufi, mara nyingi saa ya faili hiyo husogea na mchakato ukauawa bure. Vivyo hivyo Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisema kwamba jicho huona pamba ikiungua inapokutana na moto, lakini halioni kwamba ni moto ulioiunguza. Na sidhani alikusudia tuache kuuliza.

Swali la "ni kipi?" watu wa Iringa walilijua kabla ya kompyuta. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alipofariki mwaka 1898, kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaamuru kirudishwe, lakini hakikurudi kwa miaka mingi. Hatimaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen palipokuwa na mafuvu mengi, akachagua moja kwa kulinganisha, pamoja na mengine, vipimo vyake na vya jamaa za marehemu, na mwaka 1954 likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, huko Kalenga. Nasema kwa heshima zote kwa Wahehe: kipimo hutoa mshabaha, na mshabaha si ushahidi wa aliyekuwapo.

Mtungaji anayengoja mchakato ufufuke, kisha akaanza kupima yaliyomo katika kila faili na kulinganisha na ya awali, afanya kazi ya Gavana, tena bila udhuru, kwa kuwa shahidi wake yu hai na yu papo hapo. Amwulize huyo. Nodemon akiitwa kutoka ndani ya programu nyingine, humkabidhi yeyote asikilizaye tukio la kuanza upya orodha ya faili zilizolisababisha. Na ni orodha, si jina moja, kwani faili kadhaa zikihifadhiwa kwa pamoja huweza kuuangusha mchakato mara moja tu.