Fundo la Mkaja

Kuna vitambaa viwili vya kukaza kiwiliwili cha mwanamke wa kwetu pwani, na kila kimoja kina jina lake. Cha kwanza ni kibwebwe. Hiki mwanamke hujifunga mwenyewe anapotaka kutwanga, kulima au kucheza ngoma, na kutokana nacho twasema ya kuwa mtu amejifunga kibwebwe anapoikabili kazi kwa nguvu zake zote. Cha pili ni mkaja. Huu hufungwa tumboni baada ya kuzaa, na aghalabu mwenyewe hajifungi. Hufungwa na mwingine, kwa sababu mtu aliyetoka katika uchungu wa uzazi hana nguvu za kuvuta kitambaa kwa nyuma na kukaza fundo. Ni nani ashikaye ncha za kitambaa? Swali hili laonekana dogo, lakini nadhani ndilo lililobeba mambo yote nitakayo kuyaeleza hapa.

Desturi ya kufunga tumbo ni ya zamani, wala si ya pwani yetu peke yake. Wamalay, ng'ambo ya pili ya bahari, wana kitambaa chao kirefu kiitwacho bengkung. Kwetu sisi mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, kisha hulazwa chali akafungwa mkaja, kuanzia nyongani kwenda juu. Ukiuliza sababu utajibiwa upesi: asipofungwa, tumbo litabaki kubwa maisha yake yote, na mumewe atageuza macho.

Je, neno hilo ni kweli? Tusilikubali kwa kuwa ni la wazee, wala tusilikatae kwa sababu hiyo hiyo. Mara baada ya kuzaa, mji wa mimba huwa na uzito wa karibu kilo 1. Baada ya wiki 6 hurudi kuwa na uzito wa gramu 60 hivi. Wiki 6 ni siku 42. Basi wazee waliohesabu 40 walikaribia mno, nao hawakuwa na mizani. Lakini kinachourudisha mji wa mimba si kitambaa. Hujikaza wenyewe, na kila mtoto anyonyapo huzidi kujikaza. Misuli ya mbele ya tumbo, iliyoachana ili kumpisha mtoto, hukaribiana polepole, na mazoezi ya taratibu huisaidia. Mkaja huutegemeza mgongo na tumbo lililolegea, na mwanamke aliyepasuliwa huweza kupata nafuu ya maumivu anapoinuka na kutembea. Hiyo ni faida ya kweli. Kufuta alama za uzazi ni ahadi ambayo mkaja hauwezi kuitimiza. Tena ukikazwa kupita kiasi huzuia pumzi na kusukuma uzito chini, mahali palipo dhaifu zaidi siku hizo.

Mwaka 1996, nilipokuwa na umri kama wenu, dada yangu alikuja kukaa arubaini yake ya kwanza nyumbani kwetu Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji na kuyafikisha mlangoni, kwani mwanamume haingii chumbani mzazi akandwapo. Siku ya tatu nilisikia sauti ya dada ikisema, "Shangazi, sipati pumzi." Shangazi akajibu, "Vumilia, mwanangu. Sote tulifungwa hivi hivi." Dada akanyamaza. Nikaenda zangu na ndoo tupu, nikidhani kunyamaza kule ni ushujaa.

Jioni jirani yetu mmoja, aliyekuwa muuguzi, alikuja kumjulia hali mzazi. Yaliyotokea chumbani nilielezwa na mama baada ya miaka mingi. Kitambaa kilikuwa kimekazwa hata kidole hakipiti, na dada alikuwa akivuja damu kupita kiasi tangu asubuhi, asimwambie mtu, kwa kuwa amefundishwa ya kuwa mzazi mwema halalamiki. Alipelekwa hospitali usiku ule ule, akatibiwa, akapona. Mkaja haukuileta damu ile. Uliificha, ukisaidiwa na amri ya kuvumilia.

Basi hapa ndipo penye swali. Je, ni halali kulilinda jambo jema kwa sababu isiyo ya kweli? Wako watu wenye hekima wasemao ni halali. Husema ya kuwa vijana hawafuati ila lile linalowatisha, na kwamba mwacha mila ni mtumwa. Sidharau maneno yao. Walakini kitisho kina gharama, na gharama hiyo hulipwa na aliye dhaifu. Tumbo lisiporudi, lawama humwangukia mama: hakufungwa sawasawa, alifungua mapema, hakuvumilia. Mwili uliotoa mtu mzima hugeuka kuwa mshtakiwa. Tena anayefunga kwa hofu hawezi kumsikiliza anayefungwa, maana kila malalamiko kwake ni uvivu.

Wako na wengine, hasa waliosoma, ambao wakisikia ya kuwa mkaja hauondoi tumbo huicheka mila nzima na kuitupa. Hawa nao wamekosea, pengine zaidi. Pamoja na kitambaa wametupa maji ya moto, uji, na yule mtu aliyeamka alfajiri kwa siku 40 ili mzazi alale. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mwanamke aliyeajiriwa miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Ni jambo la haki. Lakini muuza mboga sokoni hana mwajiri wa kumpa likizo, na likizo yenyewe haimkandi mtu mgongo.

Tazameni pia madukani. Huko huuzwa mikanda ya mpira yenye kulabu, mwanamke aweza kujifunga peke yake, na juu ya boksi pamechorwa tumbo bapa la msichana ambaye, kwa kumtazama, hajazaa. Duka limenunua ile nusu ya mila iliyokuwa si kweli, likaiacha iliyokuwa kweli. Mkaja umegeuzwa kibwebwe. Mama amepewa kitambaa na kuambiwa ajitegemee, siku ambazo kusimama tu ni kazi.

Dada alipotoka hospitali nilidhani shangazi atakasirika au atajificha. Alikuja na kitambaa kile kile. Nikiwa mlangoni na maji yangu nilimsikia akiuliza kila alipokizungusha, "Hapa je? Na hapa?" Na mara hii dada alijibu. Mara moja alisema, "Legeza," na nikasikia kitambaa kikilegezwa.

Kwa desturi yetu ya zamani, mbali na mahari, ambayo ni haki ya bibi arusi mwenyewe, bwana arusi hutoa kilemba kwa baba na mkaja kwa mama. Maana yake ni fedha za kukumbuka kile kitambaa alichofungwa mama alipomzaa bibi arusi huyu. Sijui lugha nyingine iliyoliandika deni hili waziwazi hivi, na kwa jina la kitambaa.

Yule mtoto wa 1996 aliolewa mwaka 2021. Dada alizipokea fedha za mkaja, akazihesabu bila haraka, akatenga nusu, akazifunga katika pindo la leso na kuniita nizipeleke. Shangazi alikuwa amezeeka sana, na macho yake hayakuona vizuri. Alilipapasa lile fundo kwa vidole kwa muda mrefu kabla ya kulifungua, kisha akaniuliza ni nani aliyelifunga.