MABEGA YAPO, UMRI BADO

Somo: Hesabu 1:1-3, Hesabu 4:1-4, Luka 2:41-52



Mungu alipomwagiza Musa kuwahesabu watu wa vita, hakumwambia ahesabu kila mvulana mwenye ndevu. Aliweka umri: miaka 20 na zaidi. Na Wakohathi, waliobeba vyombo vitakatifu, walihesabiwa kuanzia miaka 30. Kijana wa miaka 15 angeweza kuinua mti ule. Mabega alikuwa nayo.

Leo waganga wanaochunguza ubongo wanatuonyesha jambo lilelile. Msichana anaona mwezi akiwa na miaka 12 au 13, mvulana anageuka sauti. Lakini sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuzuia hasira, inaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Mwili unatangulia, akili inakuja nyuma. Katikati kuna miaka zaidi ya kumi, na ndipo tunapowapoteza watoto wetu.

Maana sisi tunafanyaje? Msichana akiota matiti, tunahesabu ng'ombe. Mvulana akiitwa na wenye bunduki, wengine wetu tunasema amekuwa mwanaume. Lakini akifungua kinywa kwenye baraza la jamaa, tunamwambia: nyamaza, wewe mtoto!

Tena kushika mimba na kuzaa si kitu kimoja. Nyonga ya msichana mdogo haijapanuka. Mtoto anakwama siku mbili, tatu, na mama anabaki na fistula, mkojo unamtoka bila kukoma. Hospitali ya Panzi kule Bukavu na HEAL Africa ya Goma wanashona majeraha hayo. Wengine wanafika huko mume amekwisha kuwafukuza.

Sheria ya jamaa ya 1987 ilimruhusu msichana kuolewa na miaka 15. Mwaka 2016 ikageuzwa: 18 kwa wote wawili. Sheria ya 2009 nayo inakataza kumwingiza mtoto wa chini ya miaka 18 katika jeshi au kundi la silaha. Kwa anayeuliza kama sheria ya Kinshasa inafika Masisi, ile iliyotolewa jangwani Sinai ilifika zamani.

Hatusemi vijana wakae bure. Yesu wa miaka 12 aliwauliza walimu hekaluni. Kisha akarudi Nazareti chini ya wazazi wake, na huduma akaianza akiwa na miaka kama 30. Mpeni kijana mbuzi mmoja, mpeni daftari la michango ya kwaya. Akikosea, hasara ni franka kidogo, naye amejifunza.

Mzazi aliyekwisha kupokea ng'ombe kwa binti wa chini ya miaka 18, aje awaone wazee wa kanisa kabla ya ibada. Hatutamwaibisha. Tunajua wengine waliula mali hiyo walipokimbia vita vilipofika Shasha mwaka 2024. Tutakwenda pamoja naye kwa jamaa ya mume kuomba muda, na binti arudi darasani.