Jina la Mwandishi, Jina la Majirani

Jumamosi moja dadangu alinialika staftahi kwake Kisauni, saa tatu asubuhi. Ilipofika saa tatu na robo alinipigia simu, nikamwambia niko njiani, nami hapo nilikuwa nimeinama uvunguni natafuta kiatu cha pili. Nilipopiga hodi saa nne na nusu, mbaazi zilikuwa zimepoa na mahamri yamesalia matatu.

"Karibu kakangu," akasema. "Mbona umewahi hivi?"

Mpwa wangu, aliye kidato cha nne, akainua kalamu yake juu. "Mjomba, hiyo ni kejeli. Alama moja!"

Mbele yake palikuwa na daftari la marudio: tashbihi, sitiari, tashihisi, taharuki, mbinu rejeshi, sadfa, kinaya. Kila neno na maana yake ya mstari mmoja, mfano wa dawa na kipimo chake. Sikuweza kumlaumu. Sisi pia tulifunzwa hivyo hivyo: taja, toa mfano, ruka ya pili. Nilitoka shuleni nikijua kuziokota mbinu kitabuni kama mtoto anayeokota makombe ufuoni, bila kujiuliza kila kombe lilikuwa nyumba ya nani.

Akaniuliza swali lililonikwamisha hamri kooni. "Majazi na lakabu, si yote ni majina? Kwa nini tunayatenganisha?"

Nikamwambia atazame nani anayelitoa jina. Majazi hutoka kwa mwandishi, tangu mwanzo, kabla mhusika hajafungua kinywa. Lakabu hutoka kwa wale wanaoishi naye, baada ya kumwona akitenda.

Na majazi si pambo tu. Shaaban Robert alichapisha *Kusadikika* mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, naye mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Mtu wa namna hiyo hawezi kumtaja mkubwa wake kwa jina. Kwa hiyo akabuni nchi inayoelea angani, akamweka kizimbani kijana aitwaye Karama kwa kosa la kufundisha sheria, na mshtaki akawa waziri aitwaye Majivuno. Ukisikia majina hayo mawili, kesi umekwisha kuielewa. Utetezi wa Karama ni kulirudisha baraza nyuma, kwenye habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mafunzo mema, wakatupwa gerezani. Sikiliza wanavyoitwa: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Hoja, hisani, kukubali, msaada, radhi, imani, vyote vimefungwa. Mwanafunzi huandika "majazi" pembeni, akapata alama yake. Lakini yale majina ndiyo orodha ya mashtaka, safari hii dhidi ya watawala wenyewe.

Wakati mwingine mwandishi huligeuza jina. Ken Walibora, katika *Kidagaa Kimemwozea*, anaye Mtemi Nasaba Bora, na kadiri unavyosoma ndivyo unavyouona ubora huo ukioza, kwa mashamba aliyonyakua na wanawake aliowachezea. Hapo majazi yameingia kwenye kinaya. Mpwa wangu akadai nimtofautishie kinaya na kejeli. Nikajaribu: kejeli ni ile ya mamako mlangoni, msemaji anajua anakudunga na wewe unajua umedungwa. Kinaya chaweza kukukalia miaka usijue. Msomaji anajua, wahusika wenzako wanajua, umebaki wewe.

Lakabu ndiyo ninayoiogopa zaidi, maana haina rufaa. Tulipokuwa wadogo palikuwa na fundi cherehani mtaani kwetu tuliyemwita Fundi Kesho. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa na maana ya msema kweli, na naamini walimwombea wakilitamka. Ila kila ulipoendea suruali yako, jibu lilikuwa kesho. Kanzu ya Idi ilikamilika baada ya Idi. Alikuwa mtu mwema, mpole, mwenye peremende mfukoni kwa kila mtoto. Hakuna aliyekaa akaamua kumbadilisha jina. Lilikuja lenyewe, likazoeleka, na lile la wazazi tukalisikia tena siku alipokuwa akizikwa, wengine wetu tukiulizana ni nani huyo.

Mpwa wangu aliandika haya kwa ufupi mno nionavyo mimi. Kisha akaniangalia kwa jicho ambalo sikulielewa.

"Na wewe Mjomba, wadhani una lakabu?"

Nikasema sidhani. Ofisini wananiita kwa jina langu, msikitini vivyo hivyo. Dadangu aliyekuwa akipasha mbaazi moto alianza kukohoa, kikohozi kirefu kisicho na mafua.

Nilipotaka kuondoka sikuiona simu yangu. Nikaomba ya dadangu nijipigie, lakini mpwa wangu aliwahi kuichukua, akabonyeza, akaiweka mezani kati ya vikombe. Yangu ikalia chini ya mto wa kochi. Ile ya mezani ikawaka, na kwenye kioo, mahali pa jina langu, palikuwa pameandikwa: Niko Njiani.