Jumuiya Isife na Waasisi Wake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu Waislamu, sisi watu wa pwani si wavivu wa kuanza. Likitajwa jambo la kheri baada ya sala ya Isha, majina huandikwa na mwenyekiti huteuliwa usiku huo huo. Linalotushinda ni kudumu.

Tuliwahi kuwa katika jumuiya ya kuwasomesha mayatima. Ilitegemea mfuko wa tajiri mmoja na daftari la katibu mmoja. Alipofariki yule na kuhama huyu, waalimu walikaa miezi bila ya mshahara, na darsa zikafungwa. Tusiisingizie kadari, kosa lilikuwa letu sisi tuliokaa kitako tukiitikia "inshallah".

Natutazame mwendo wa waliotutangulia. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaibar alimtaka shauri Mtume (s.a.w.), naye akamwelekeza aizuie asili yake na mazao yake yawe sadaka. Basi ardhi ile haikuuzwa, haikupewa mtu, wala haikurithiwa. Na msimamizi wake akaruhusiwa kula kwa wastani. Kisha Umar akausia kwa maandishi kwamba baada yake asimamie bintiye Hafsa, na baada ya Hafsa wenye rai njema katika jamaa zake. Hapa mna mambo manne: mtaji usiliwe, mtumishi apewe haki yake pasi na israfu, mambo yaandikwe, na wa kushika nafasi ajulikane mapema.

Nasi yatupasa vivyo hivyo. Wanachama 100, wake kwa waume, wakitoa shilingi 100 kila mwezi, hupatikana 120,000 kwa mwaka, wala haisimami kazi kwa kufa mmoja wao. Sehemu iwekwe akiba mpaka kinunuliwe chumba cha duka, kifanywe wakfu, na kodi yake ilipe waalimu. Kila mzee mwenye cheo akae na kijana amfunze kazi. Na hesabu isomwe mbele ya wanachama kila mwaka.

Atasema mtu: "Kuulizana hesabu ni kutoaminiana." La! Qur'ani imewaamrisha waumini waandike deni na washuhudishe, nao ni ndugu. Daftari lililo wazi humhifadhi mweka hazina na ulimi wa watu.

Ndugu zetu, yatima aliyefungiwa darsa hatauliza nani aliianzisha jumuiya. Atauliza nani aliiacha ife. Tutajibu nini?

Mwenyezi Mungu atujaalie kudumu katika kheri. Wabillahi tawfiq.