Sikukuu za Watakatifu: Kukumbuka au Kuomba?

Tumeulizwa darasani: Wakristo waadhimishapo siku za watakatifu wao, je, huwa wawaabudu? Swali hili halifai kujibiwa kwa pupa, kwani kumzulia mtu asilolisema ni dhuluma, ijapokuwa dini yake si dini yetu. Yatupasa kwanza tuijue asili ya jambo, kisha ndipo tulipime.

Asili yake ni kaburi. Yapata mwaka 155, katika mji wa Smyrna, ambao leo ni Izmir ya Uturuki, mzee Polycarp, askofu wa mji huo, alitakiwa aikane dini yake. Akakataa, akauawa, na mwili wake ukateketezwa. Wafuasi wake wakaizika mifupa yake, wakaazimia kukutana hapo kila mwaka. Siku ya kuuawa kwake wakaiita siku ya kuzaliwa, maana kwao ndipo alipozaliwa katika uhai wa milele. Makusudio yao yalikuwa mawili: kumkumbuka aliyetangulia, na kuwaimarisha watakaofikwa na yaliyomfika.

Mashahidi wakazidi, na siku zao zikazidi. Mwanzoni mwa karne ya 7 Papa Boniface IV aliligeuza hekalu la kale la Roma, Pantheon, likawa kanisa la Bi Mariamu na mashahidi wote. Karne ya 9 ikaenea Novemba 1 kuwa siku ya watakatifu wote. Wala jambo hili haliko mbali nasi: kila Juni 3 umati hukusanyika Namugongo, Uganda, kuwakumbuka waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wakatoliki 22 katika hao walitangazwa watakatifu na Papa Paul VI mwaka 1964.

Ama wanavyuoni wao husema: ibada ni ya Mungu peke yake; mtakatifu ni wa kuheshimiwa, na huombwa awaombee tu. Hivyo ndivyo wasemavyo, nasi twalinakili kwa uadilifu. Lakini Augustine, mkubwa wa wanavyuoni hao, amesimulia khabari ya mama yake, Monica. Kwao Afrika ya Kaskazini alizoea kupeleka chakula na mvinyo makaburini mwa mashahidi. Alipofika Milan akazuiwa mlangoni, kwa kuwa Askofu Ambrose alikwisha kataza, ulevi usipate njia, na kwa kuwa desturi ile ilifanana na karamu za wapagani kwa wafu wao. Monica akatii. Badala ya kikapu akaenda na dua, na alichoweza akawapa maskini. Na mwaka 1530 wafuasi wa Luther waliandika kwamba watakatifu wakumbukwe ili waigwe, wala wasiombwe.

Basi twaona kwamba wenyewe walihisi khatari. Mpaka ulioandikwa kitabuni hauulindi moyo wa mwenye shida, ambaye mtoto wake ni mgonjwa na kaburi li mbele yake. Hapo heshima hugeuka haja, na mwenyewe asitambue.

Nasi tusiwacheke. Pwani yetu ina makaburi yavishwayo nguo na kufukizwa ubani, na walalao ndani yake wengi walikuwa watu wa elimu. Tujiulize: mwema aliyekufa atudai nini? Atudai tutende kama alivyotenda. Deni hilo ni zito kuliko ubani na karamu. Na labda ndiyo sababu karamu hutupendeza zaidi.