Mtoto Anapokuwa Kinywa cha Mzazi



Tulipokuwa kwetu Kivu, baba ndiye aliyekwenda kwa chifu, mama ndiye aliyejua bei za sokoni, na mtoto alitumwa tu. Tulipovuka mpaka na kufika hapa Nakivale, mambo yaligeuka. Mtoto huenda shule. Tangu mwaka 2007, madarasa matatu ya kwanza ya shule za msingi za Uganda yamepangwa kufundishwa kwa lugha ya eneo, na baadaye ni Kiingereza. Tena kwenye bomba la maji na uwanjani anaokota Kinyankole kwa kucheza. Mzazi anabaki na Kiswahili, Kibembe, Kifuliru au Kinyabwisha. Kifaransa alichosomea Bukavu au Goma hakimfungulii mlango. Ni kweli Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi ya pili katika katiba ya nchi hii kwa marekebisho ya mwaka 2005, lakini mara nyingi ukifika dirishani fomu ni ya Kiingereza. Basi mzazi anaita: "Mwanangu, njoo uniambie huyu anasema nini."

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Je, mtoto anayesema badala ya wazazi wake anawaheshimu, au amekalia kiti chao? Na mzazi anayemtuma, anamlea au anamtwisha mzigo usio wake?

Kwanza, tuseme wazi kwamba kutafsiri si dhambi, wala si aibu. Yusufu alipokuwa mkubwa huko Misri alisema na ndugu zake kwa mkalimani (Mwanzo 42). Musa alipolalamika kwamba ulimi wake ni mzito, Mungu alimpa Haruni awe kinywa chake (Kutoka 4). Haruni alisema mbele ya watu, lakini aliyetumwa alibaki kuwa Musa. Kwa hiyo baba hapotezi ubaba wake kwa sababu hajui Kiingereza. Heshima ya mzazi katika amri ya tano haikuwekewa sharti la lugha. Mtoto anayemsaidia mama yake kuuliza bei ya sabuni au kusoma tangazo la siku ya mgao anatimiza amri hiyo, na anastahili shukrani.

Lakini tuangalie vizuri. Haruni hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima, tena mkubwa wa Musa kwa miaka mitatu. Hapa kwetu tunamtwika binti wa miaka kumi na mmoja maneno ambayo hata sisi yanatushinda.

Fikiri juu ya mama anayekwenda kituo cha afya na binti yake. Muuguzi akitaja ugonjwa, wa kwanza kuusikia si mgonjwa, ni mtoto. Yeye ndiye anayebaki na habari ile mdomoni, akitafuta namna ya kumwambia mama yake. Na kama ugonjwa wenyewe unatokana na mambo tuliyotendewa njiani au vitani, mama ataona aibu mbele ya mwanawe. Atasema tumbo linauma, na muuguzi atatibu tumbo. Hivyo mama anarudi na dawa isiyo yake, na mtoto anarudi na hofu isiyo ya umri wake.

Fikiri pia juu ya mwalimu anayemwita baba kumweleza kwamba kijana haonekani darasani. Mkalimani ni kijana yuleyule. "Mwalimu anasema ninasoma vizuri, baba." Hapo mtoto amepewa jaribu ambalo hata mtu mzima angeweza kuanguka ndani yake. Akishaona kwamba baba hawezi kuuliza wala kujibu bila yeye, siku moja nyumbani atamjibu kwa jeuri, nasi tutasema nchi ya ugeni imemharibu. Je, ni nchi iliyomharibu, au ni sisi tuliompa fimbo mapema mno?

Tofauti, kwa maoni yangu, iko hapa: mtoto anaweza kuazimwa ulimi, lakini asibebeshwe uamuzi wala siri. Duka, soko na tangazo ni sawa. Ugonjwa wa mzazi, madeni, ugomvi wa ndoa, na habari ya kwa nini tulikimbia, hayo yasipite kinywani mwa mtoto. Tujue pia kwamba tangu mwaka 1977 kamati tendaji ya UNHCR ilikubali kwamba mwombaji hifadhi apewe mkalimani anayefaa. Kumwomba mkalimani mtu mzima si kiburi.

Wengine watasema: "Mchungaji, maneno ni mazuri, lakini hatuna mtu mwingine. Nisipomchukua mtoto, tutalala njaa." Neno hilo ni la kweli, na hatuwezi kumhukumu mzazi wa namna hiyo. Ndiyo maana jambo hili si la nyumba moja, ni la kanisa zima. Katika Matendo 6, wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wawatume watoto wao wakadai. Walisema wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawekwa juu ya kazi hiyo. Kati yetu wapo kaka na dada waliomaliza sekondari, wanaojua Kiingereza na Kinyankole. Wakipanga zamu, mmoja asubuhi moja kwa juma, mama mgonjwa atapata mtu wa kufuatana naye, na dada atamsindikiza dada mwenzake. Anayetafsiri atunze siri kama anavyotunza sadaka.

Nasi wazazi, tusiache kujifunza. Mtoto akimwona baba yake jioni anaandika salamu za Kiingereza kwenye daftari, hamdharau. Amwulize, amsahihishe, wacheke pamoja. Kisha baba naye amfundishe Kibembe cha bibi yake, ili mtoto ajue kwamba nyumbani hapo bado kuna jambo la kupokea kutoka kwa mzazi.

Juma hili, kila nyumba ijiulize: ni neno gani tulilomtwisha mtoto wetu, ambalo tungepaswa kulibeba wenyewe?

Mungu azibariki nyumba zetu. Amina.