Sura ya Nani?

Kiswahili kimetuwekea mtego katika neno "sura". Sura ni uso, na sura ni sehemu ya kitabu. Wajuzi watasema ni maneno mawili tofauti ya Kiarabu ambayo matamshi yake yaligongana yalipofika kwetu, na ni kweli. Ila mimi haliniishi kichwani tangu nianze kusoma jinsi madaktari wa upasuaji wanavyochapa mafuvu. Ndiyo, wanachapa, kama tunavyochapa kurasa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mtu aliyevunjika uso hupigwa picha za CT, ambazo humkata kichwa vipande vyembamba kama mkate, bila kisu. Kompyuta huvipanga upya, kisha printa ya 3D hujenga fuvu lile lile kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Daktari hulizungusha mkononi, hukunja bamba la titani juu yake mpaka likae sawa, na yote hayo mgonjwa bado hajapanda mezani. Kubahatisha ndani ya jeraha kunapungua. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu uko kwenye hatua moja ndogo. Upande wa kulia ukiwa umesagika, kompyuta huchukua ule wa kushoto, huugeuza kama kwenye kioo, na kuubandika kulia. Mwaka 2014, katika hospitali ya Morriston, Swansea, huko Wales, modeli yenye pande zilizolingana ndiyo iliyoongoza ujenzi wa uso wa mtu aliyeumia kwa ajali ya pikipiki. Kazi nzuri mno. Lakini hebu jaribu kwenye simu yako: chukua picha ya uso wako, igeuze nusu moja, iunganishe na yenyewe. Utamwona mtu mwingine, pengine ndugu yako, ila si wewe. Hakuna uso wa binadamu uliolingana kabisa pande zote. Basi kinachorudishwa si uso uliopotea. Ni makisio yenye adabu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Anna Coleman Ladd, mchongaji wa Kimarekani, alikuwa na karakana Paris akiwatengenezea wanajeshi vinyago vya shaba nyembamba vilivyopakwa rangi ya ngozi. Alichukua umbo kwa plasta, akatazama picha za kabla ya vita. Vinyago havikucheka wala kuzeeka, lakini picha ilikuwa shahidi. Kioo cha kompyuta shahidi wake ni hesabu tu.

Sasa mfikirie mama mwenye ameloblastoma, uvimbe wa taya ambao kwa kawaida si saratani lakini hula mfupa, na ukiachwa huukuza uso mwaka hadi mwaka. Taya hukatwa, kisha mfupa mwembamba wa mguu, ule wa pembeni ya muundi, hukatwa vipande na kupangwa kufuata modeli. Modeli inasema taya liwe hivi. Mama huyu ameishi na uvimbe miaka kumi, wajukuu hawajui sura yake nyingine. Uso wake ni upi? Kompyuta haina jibu, na daktari, hata awe bingwa, hana pia.

Ndiyo maana naona modeli ile ingewekwa kwanza mbele ya mama mwenyewe. Picha za CT zinahitaji msomi. Fuvu la plastiki hata mjukuu analielewa. Aliguse, aseme, "Kidevu changu kilikuwa kimechongoka kidogo, daktari." Na daktari naye amwambie ukweli wote, maana plastiki ni mdanganyifu mtamu: haivuji damu, haivimbi, haina ngozi wala neva. Ukimwonesha mtu fuvu lililonyooka na ukanyamaza, umeshamwahidi.

Halafu kuna jambo ambalo halizungumzwi sana: baada ya upasuaji, modeli inakwenda wapi? Mimi nasema apewe mwenyewe akiitaka. Wapo watakaokataa, jamani, kushika fuvu lako ungali hai si mchezo. Kwetu fuvu ni la kaburini. Akikataa, aulizwe kabla halijawekwa kabatini wanafunzi walisomee. Jina linaweza kufutwa, lakini pengo la jino lile na ukingo wa jicho lile bado ni vyake.